Marehemu Nyaguthii Mathenge Wekoye na Rinda la Pazia

Ilikuwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, saa nane mchana, marehemu Nyaguthii alipopanda juu ya stuli katika nyumba ya mama mkwe wake hapa Lugulu, akateremsha pazia la mlango wa chumba cha kulala, akalikunja kwapani na kutoka nje, na kabla hajafika langoni habari zikafika kwamba mama mkwe huyo, Mama Peris Wakoli, amefariki hospitalini, na aliyekuwa akiingia kwa lango lile huku analia alikuwa wifi yake, Nanyama. Kila aliyeketi hapa anajua desturi, kwamba katika nyumba ya aliyefariki hakitoki hata kijiko mpaka siku ya ukoo kukaa na kugawana, na kila aliyeketi hapa amesikia alichosema Nanyama pale langoni mbele ya wanaume wa boma: "Mama hata hajapoa, na wewe umeshaanza kufungasha?" Marehemu alijibu kwamba mama ndiye aliyemtuma, na Nanyama akamuuliza kama siku hizi wafu wanatuma watu, na waliokuwepo wakacheka kwa uchungu, naye marehemu akafunga mdomo wake na hakuufungua tena kwa jambo hilo mbele ya watu wa boma hili mpaka alipofariki.

Familia ilishauriwa na wengi kwamba jambo la pazia liachwe, kwamba matanga si baraza, lakini bintiye wa kwanza, Emmy, ambaye ndiye anayewasomea, aliwaambia wazee kwamba atasoma yote au atafutwe msomaji mwingine, na wazee wakamruhusu, kwa hivyo walio katika hema hili la Bungoma na walio katika hema lile la watu wa Kitale, ambao tangu asubuhi hawajasalimiana, wanaombwa wasikilize polepole kama inavyosomwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Mei 1972 katika mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mathenge na marehemu Mama Wamboi, ambao walitoka Nyeri wakiwa vijana, wakafanya kazi katika mashamba ya mahindi na baadaye wakafungua duka dogo hapo hapo Tuwan. Alisoma shule ya msingi mjini Kitale akamaliza darasa la nane mwaka wa 1987, na kwa kuwa hakupata nafasi ya kuendelea, baba yake alimpeleka chuo cha ufundi kujifunza ushonaji, akahitimu mwaka wa 1990, akaweka cherehani yake kwenye baraza la duka la baba, akishona sare za shule na kugeuza nguo kuukuu kuwa nguo za kuvaliwa tena. Alikuwa mrefu na mwembamba, mdomo wake ulikuwa mkali kama mkasi, na familia haitasema hapa kwamba alikuwa mpole kwa watu wote, kwa maana mngetuuliza tunamzika nani.

Ni katika baraza hilo alipokutana na Bwana Wekoye Wakoli, aliyekuwa ameleta suruali kushonwa pindo akairudisha mara kadhaa ikiwa haina kasoro yoyote, na wakafunga ndoa takatifu tarehe 16 Desemba 1995. Pande zote mbili hazikufurahi, huku watu wa Kitale wakisema binti yao anapelekwa mbali na watu wake, na watu wa huku wakisema kijana wao ameenda kuokota mtu wa kuja, na aliyempokea bila neno lolote alikuwa mama mkwe, Mama Peris. Bwana aliwabariki kwa watoto watatu, Emmy mwaka wa 1996, Mukhisa mwaka wa 1999 na Wamboi mwaka wa 2004, na mwaka wa 2001 marehemu alifungua kibanda cha ushonaji karibu na soko la Bungoma, alipofanya kazi mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Pazia lenyewe liwekwe wazi, ili msije mkafikiri ni dhahabu. Lilikuwa pazia la pamba nzito, vipande viwili, lenye maua ya waridi mekundu yaliyokwisha kupauka upande wa jua, ambalo marehemu Mzee Wakoli alimnunulia mkewe Bungoma mwaka wa 1979. Mwezi wa Januari 2008, majirani walipoanza kuulizana makabila, Mama Peris alimketisha mkaza mwanawe nyuma ya pazia hilo pamoja na mtoto mchanga wa jirani, kisha yeye mwenyewe akaweka kiti mbele yake na kuanza kuchambua maharagwe, na vijana walipofika langoni aliwaambia wapite zao, kwamba nyuma yake kuna kitanda chake, na kama wanataka kuona kitanda cha mwanamke mzee waende waone cha mama zao. Walipita zao. Tangu hapo marehemu na mama mkwe wake walikuwa kama uzi na sindano, na labda ndipo wivu ulipoanza, kwa kuwa Nanyama, binti pekee wa Mama Peris, alikuwa akifanya kazi ya ukarani mjini na alifika nyumbani siku za Jumapili tu.

Sasa yafuatayo marehemu alimweleza Emmy katika wiki za mwisho za ugonjwa wake, na sio kabla. Mama Peris aliolewa katika kanisa letu tarehe 24 Agosti 1963 akiwa amevaa rinda la kuazima, rinda la mke wa mwalimu, lenye kola ya duara, mikono iliyovimba mabegani, vifungo vilivyofunikwa kwa kitambaa, na sketi pana ya kuzunguka nayo, na mwenye rinda alisimama nyuma ya kanisa akilingoja, akalichukua jioni hiyo hiyo, bibi harusi akaenda kwa mumewe na leso. Alipolazwa mwezi wa Machi 2019 alimwambia Nyaguthii, "Nishonee lile rinda, Mama Emmy, nataka niende nalo, na safari hii liwe langu," na marehemu akamuuliza kitambaa gani, naye akasema, "Toa pazia langu, hilo halina wa kuuliza." Marehemu alimpima akiwa kitandani, asubuhi ya Alhamisi ile, na mchana akaenda kutoa pazia.

Alishona wiki nzima. Aligeuza kitambaa ndani nje pale jua lilipokula rangi, akapanga waridi yakutane kwenye mishono kama ambayo hayajawahi kutenganishwa, akashona sketi ya ndani kwa chandarua kilichotoboka ili ile ya juu isimame, akaipiga wanga wa muhogo, na vifungo akavifunika kwa vipande vya ukanda wa pazia lenyewe. Mumewe alimsihi arudishe kitambaa amani ipatikane, akajibu kwamba kimeshakatwa, na neno hilo likafika hapa Lugulu likiwa limenenepa njiani, watu wakasema kwamba yule wa Kitale ametukata mama yetu vipande vipande. Siku ya kumvalisha Mama Peris marehemu alifika na mfuko begani, Nanyama akamwambia wenye mama wanatosha, aende akae na wageni, naye akakaa na wageni, mfuko magotini, akarudi nao Bungoma, na Mama Peris akazikwa na suti mpya ya dukani. Hakuna aliyemuuliza mfuko ule una nini.

Miaka iliyofuata haikuwa mizuri, na marehemu hakuifanya iwe mizuri. Akina mama wa kanisa walihamisha kazi yao ya sare kwa fundi mwingine, na yeye akahamisha kiti chake kanisani akawa anawaketia mbele ili wamtazame kisogo. Nanyama alipotuma kuku wakati wa Krismasi kwa ajili ya watoto wa kaka yake, marehemu alimrudisha kuku akiwa hai, na bintiye Nanyama alipoolewa na kuomba kushonewa na mke wa mjomba wake, jibu lilikuwa kwamba mwizi haachiwi kitambaa.

Tarehe 27 Agosti 2023 kanisa lilifanya jubilii, na akina mama wakaombwa waje wamevaa kama mama zetu wa zamani. Wengine waliagiza nguo mpya mjini. Marehemu alitoa rinda lile kwenye mfuko kwa mara ya kwanza, na Emmy alipoona linavyomkaa alishtuka, kwa maana lilikuwa fupi likaacha miguu nje, kiuno kilimzunguka kama debe, na bega la kushoto lilikuwa limelala. Alimwomba alipunguze, kazi ndogo kwa fundi kama yeye, naye akasema nguo haipunguzwi kwa ajili ya mtu wa kuazima, lakini rinda hili lina haki ya kufika kanisani hata mara moja. Emmy hakuelewa, na mama yake hakueleza.

Mlangoni mwa kanisa Viola, kiongozi wa kwaya, alimpima kwa macho akasema, "Fundi bana, ati hii ulishona ukiwa umelala?" Marehemu akamjibu, "Nilishona nikiwa macho, ni wewe unaangalia ukiwa umelala." Wakacheka, lakini Nanyama hakucheka, alisimama katikati ya ibada akasema mbele ya wageni wote kwamba lile ni pazia la mama yake, na kwamba huyu mwanamke ameliiba na sasa amelivaa mbele ya madhabahu. Mchungaji alimwomba aketi. Marehemu aliimba nyimbo zote mpaka mwisho, akala chakula cha jubilii akiwa peke yake kwenye meza, akaenda nyumbani, na siku hiyo Emmy alimwona mama yake akilia mara ya kwanza.

Mwezi wa Februari 2025 alianza kuvimba miguu, akapatikana na ugonjwa wa figo, akawa anakwenda kusafishwa damu, akapata nafuu, akarudi nyuma tena, na siku ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, alipumua mara ya mwisho akiwa ameshikwa mikono na mumewe na Emmy. Ombi lake halikuwa la mali. Aliomba tu rinda lile lipelekwe kaburini kwa Mama Peris, lifukiwe hata pembeni, kwa sababu aliahidi.

Emmy alipeleka ombi hilo kwa shangazi yake pamoja na maelezo yote, na shangazi akasema hayo ni maneno ya mgonjwa, na kwamba kaburi la mama yake halitafukuliwa kwa ajili ya uwongo. Kiarie, kaka ya marehemu, aliposikia alikuja kutoka Kitale na watu wake, akasema kama ni hivyo dada yao atazikwa amelivaa, na anayetaka kumvua ajitokeze. Juzi Alhamisi wote walikutana katika chumba cha kuvalishia, na ni lazima isemwe kwamba haikuwa kwa heri.

Nanyama alilinyakua rinda, akalitandaza juu ya marehemu ili kila mtu aone lisivyomtosha, akasema, "Angalieni, fundi gani anajishonea hivi? Alikuwa anaharibu tu kitu cha mama." Kisha akafika kwenye bega la kushoto. Mama Peris alianguka kutoka mkokoteni wa ng'ombe akiwa msichana, bega hilo likashuka, na maisha yake yote aliweka kitambaa kilichokunjwa chini ya nguo ili lisionekane, aliona haya, na hakuna aliyejua isipokuwa aliyewahi kumvalisha. Nanyama alimvalisha mwaka wa 2019. Alipitisha vidole ndani ya rinda, pale begani, akakuta mto mdogo wa pamba umeshonewa mahali pale pale, na mshono wa upande huo umeshushwa. Akapima kiuno kwa viganja vyake. Akakunjua upindo, nao ulikuwa umeachwa mpana sana ndani, kama ilivyokuwa desturi ya mshonaji huyu.

Nanyama hakuomba msamaha, na hii inasomwa mbele yake naye anajua ni kweli. Alisema tu, "Leteni sindano." Akaketi kwenye benchi, akaufumua upindo ukashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, akatoa ule mto wa bega akautia kifuani mwake mwenyewe, ndani ya nguo, akapunguza kiuno pande zote mbili, na Emmy alipotaka kumsaidia akamwambia, "Wacha. Mama yako hakuwa wa kuvaa nguo ya kuazima." Yeye ni karani, hajui kushona, mishono yake ni mikubwa na imepinda, na marehemu kama angeiona angeifumua yote na kumtukana. Ndivyo alivyo ndani ya sanduku hili, na rinda linamtosha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa soko la Bungoma waliofunga vibanda vyao, mafundi wenzake, kanisa, na watu wa Tuwan waliosafiri. Wale waliomwita mwizi hawaombwi kitu leo, ila wakifika kaburini watamke Nyaguthii, jina aliloitwa na baba yake.

Ee Bwana, mjakazi wako alikuwa na mdomo mkali na mikono ya kweli, msamehe cha mdomo na umkumbukie cha mikono, umpumzishe kwa amani karibu na Mama Peris, na umpokee katika rinda ambalo safari hii hakuna mtu anayelingoja nyuma ya kanisa. Amina.