Bomba la Jikoni kwa Mama Spana

Ndugu zangu, wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mliotoka makwenu kuja kukaa nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wa mama yetu, na familia imenipa kazi hii ya kusoma kwa sababu dada alizoea kusema mimi ndiye mwenye mdomo, basi mnivumilie. Jina lake kamili mmeliona pale kwenye picha, lakini asubuhi kuna wageni walioliona wakapitiliza, wakidhani huu ni msiba wa mtu mwingine, kwa hiyo nitamwita kama mlivyomwita wote, Mama Spana.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati yetu wanne, baba yetu akiwa mwashi na mama akifua nguo za hosteli ya wauguzi, maji yote akiyabeba kwa ndoo, na nadhani ugomvi wa dada na mabomba yasiyotoa maji ulianzia hapo. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari mwaka 1975, hesabu akizipenda, ushonaji ukimshinda kabisa.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa idara ya maji kama karani wa mapokezi, kazi yake kupokea malalamiko ya wateja, na kwa kuwa dada hakuwa mtu wa kusikia jambo akanyamaza, alianza kuwafuata mafundi kuwauliza bomba la fulani limetengenezwa au bado, hadi mkuu wa karakana akachoka naye, akamwambia kama anajua sana aje ashike spana mwenyewe. Alikwenda, mwaka 1979, na hakurudi tena mapokezi, akastaafu tarehe 30 Juni 2012 akiwa fundi mkuu, na yule mkuu wa karakana, mzee wetu huyu aliyekaa mbele, hajaacha kujisifu.

Ndoa yake ililetwa na ovaroli. Alizopewa kazini zilikuwa za wanaume warefu, akazipeleka kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili azipunguze, fundi akapima, akapima tena, nasi nyumbani tukaanza kuulizana ni ovaroli gani hizi zisizokwisha kupunguzwa, mpaka tarehe 8 Agosti 1981 walipofunga ndoa. Walijaliwa binti ambaye ni muuguzi, kijana ambaye ni dereva wa lori, na wajukuu watatu.

Kujitolea kwake mnakujua kuliko mimi. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa, ambako hata wabishi walinywea, Jumamosi ua wake uligeuka darasa, mabinti wakijifunza bure kukata mabomba na kuzibua masinki, na Jumapili alibeba mkoba wake wa spana kwenda zahanati au makao ya wazee kutafuta kinachovuja.

Sasa niseme lile ambalo kila jirani analijua, kwamba bomba la jikoni kwake lilikuwa linavuja. Chekeni tu, mwenyewe alicheka. Kila mara shemeji, mumewe, alipolalamika kwamba matone hayamwachi alale, alijibiwa Jumapili, Jumapili hii hii, na Jumapili ikifika mkoba umeshatoka mlangoni, kuna bibi kule makao ya wazee sinki lake limefurika, shemeji anabaki na ndoo yake chini ya bomba. Maji hayo alimwagilia maua, na ndiyo maua mnayoyaona juu ya jeneza. Wanafunzi wake walipotaka kulitengeneza aliwakatalia katakata, akisema hiyo ni ahadi yake kwa mumewe, asiiguse mtu.

Oktoba 2023 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, madaktari wakatuambia moyo umechoka, akalazwa. Huko wodini kulikuwa na koki inayovuja, na mtu aliyelala na bomba lake bovu miaka yote akashindwa kuivumilia hiyo siku mbili, akaita mwanafunzi wake, binti akaja na spana ndani ya pochi, muuguzi wa zamu akajifanya anaangalia nje dirishani.

Alirudi nyumbani Aprili, na Jumapili moja akaenda jikoni mwenyewe na spana, akaishika koki ya lile bomba lake, mkono ukakosa nguvu ya kuizungusha. Aliumia, jamani. Shemeji akampokea spana, akamwambia aache, siku hizi bomba halisikii tena, naye alikuwa akilisikia vizuri sana. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa subira, maana mgonjwa wetu hakuwa mwepesi, majirani mliofungua nyumba zenu kwa wageni wetu, na wenzake wa idara ya maji mliokuja na ovaroli zenu.

Nanyi mabinti wa Jumamosi, asanteni kwa jana jioni. Mlikuja na mikoba yenu, mkaingia moja kwa moja jikoni, mkitaka mwalimu wenu azikwe bomba likiwa zima, shemeji akasimama mlangoni, akawaambia si leo, nyumba imenyamaza mno, aachiwe hicho kidogo kinachosikika. Mkamwuliza, basi baba, tuje lini?

Akasema Jumapili, Jumapili hii hii.

Pumzika kwa amani, dada, mkoba umepokewa.