Kava la Klachi
Mama aliyekaa mbele yangu basini alikuwa amepakata kava la injini ya pikipiki, lile linalofunika klachi, limepasuka ubavuni. Abiria aliyeketi kando yake, mwanamume mwenye kucha nyeusi kwa grisi, alishindwa kujizuia. "Dada, hilo linapona. Watoboe kitundu kila mwisho wa ufa ili usizidi kutambaa, wasafishe mafuta, walichomelee, kisha kwa ndani waongeze kibati. Litakuwa imara kuliko jipya." Hakuna aliyemwuliza, lakini mafundi ndivyo walivyo.

"Ndicho ninachoogopa," mama akasema. "Mume wangu alianguka na pikipiki hii, mguu bado una vyuma. Kava likipona tu, yuko barabarani."

"Na lisipopona?"

"Anakaa dirishani, anatazama wenzake wakipita. Hasemi na mtu."

Fundi akalipapasa kava. "Mwambie limeshindikana, shemeji. Mimi sitakusema." Wala hakumjua huyo mume.

"Nimdanganye mtu niliyemwogesha asubuhi?"

Basi likasimama penye magereji. Mama akainuka, kava kifuani, akamgeukia fundi mlangoni.

"Hicho kibati cha ndani," akauliza, "niwaambie waweke unene gani?"