Marahaba Niliyoikata

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na wakubwa zangu wote mliokaa hapa, shikamooni.

Nasubiri.

Ahsanteni, nimesikia. Mtanisamehe kwa kuwasubirisha. Siku hizi nikitoa shikamoo siendelei na neno lolote mpaka nisikie marahaba, na sababu yake ndiyo hiyo mwenyekiti wa kikundi chenu cha akina mama aliyoniomba nije kuieleza.

Mama zangu, mimi nasomea kutengeneza video pale Bagamoyo mjini. Najua wengi wenu mnasema yule binti anasomea kupiga picha za harusi. Haya, si mbali sana. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa video fupi: mtu mmoja, kazi yake, asubuhi yake. Nikasema, ya nini nihangaike? Nyumbani hapa Fukayosi nina shangazi aliyenilea, kila siku anapika vitumbua barazani. Mtu ninaye, kazi ipo, na asubuhi analeta Mungu. Nikaja na kamera ya chuo na mwenzangu wa darasani, msichana wa Chalinze, tukaanza.

Nawaambieni, kumpiga video mtu wa kwetu ni mtihani! Mwalimu alitufundisha kwamba picha iwe tulivu, mtu afanye kazi yake kana kwamba sisi hatupo, asigeuze uso. Sasa shangazi atatulia vipi na amekaa kando ya njia? Anapita wa kwenda shamba, shikamoo, marahaba. Anapita mwenye baiskeli, habari za asubuhi, njema, mgonjwa wenu anaendeleaje. Anapita mtoto wa shule, naye ana shikamoo yake. Kila nikipata picha nzuri, uso unageuka na mkono unasimama. Nilikaribia kulia.

Basi niliporudi chuoni kuchagua vipande na kuviunga, nikazikata salamu zote. Zote! Nikabaki na mikono ya shangazi, moshi, uji wa mchele ukimiminwa kwenye chuma, vitumbua vikigeuzwa kwa kijiti. Juu yake nikaweka muziki wa taratibu. Mwalimu akaisifu mbele ya darasa zima. Nami kwa furaha nikairusha kwenye kundi la ukoo la kwenye simu, na mnajua wenyewe, kikishafika kwenye kundi la ukoo kimefika kijiji kizima.

Hazikupita siku nyingi, shangazi akanipigia.

"Mwanangu, umenifanya nini?"

"Kwani video si nzuri, shangazi?"

"Nzuri. Njoo nyumbani."

Nikaja mbio, sielewi nimekosa nini. Nikamkuta anapika, lakini kigoda cha pembeni yake kiko wazi. Kigoda kile ni cha shoga yake. Sitamtaja jina, na nyinyi mnaogeuka kumtazama, acheni. Shoga huyu ni mdogo kidogo kwa shangazi. Tangu nina akili zangu, kila asubuhi akienda shamba anapita hapo, "Shikamoo dada," anaitikiwa, anakaa, anakunywa chai, ndipo anabeba jembe lake. Sasa, shangazi akaniambia, alikuwa anazunguka kwa njia ya nyuma ya msikiti.

"Kwa nini?" nikauliza.

Akanipa simu. "Tazama kazi yako."

Video ile nilikuwa nimeitazama mpaka nimeichoka, na wallahi nilikuwa sijamwona. Nyuma ya bega la shangazi, pale njiani, shoga yake anasimama. Anashusha jembe, anainama kidogo, mdomo unafunguka. Shangazi hainui uso. Anageuza kitumbua. Halafu picha inahamia kwenye moshi, basi. Kijiji kizima kilikuwa kimemwona mtu mzima anatoa shikamoo na mwenzake anaiacha njiani.

"Lakini si uliitikia?" nikamuuliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe, mwanangu. Niliitikia?"

Nilikuwepo! Nilisimama hatua chache kutoka hapo. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mwanga, kwenye moshi, kwenye mkono. Ningeapa nini? Nikaenda kwa shoga yake nikitumaini yeye anajua. Akanikaribisha vizuri tu, akanipa maji, kisha akasema, "Nakumbuka aliniitikia. Lakini kila nikiitazama hiyo video, haitikii. Watu wananiuliza nimemkosea nini dada yangu. Sasa sijui nakumbuka asubuhi ile, au nakumbuka asubuhi nyingine." Nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Sisi watatu tulikuwepo, na wote watatu tulikuwa tunaiamini simu kuliko nafsi zetu.

Nikampigia mtunza vifaa wa chuo, nikijua vipande vyote bado vimo kwenye kadi ya kamera. Akacheka. Akasema, kadi imeshafutwa, wamepewa wenzenu. Nikakaa chini pale pale. Nilimwaza shangazi anazeeka akijiuliza kama alimwitikia mwenzake, na mwenzake anazeeka akipita nyuma ya msikiti. Na mimi nimepewa sifa darasani.

Yule mwenzangu wa Chalinze ndiye aliyeniokoa. Siku ile kamera ilikuwa na sauti mbovu, kwa hiyo yeye alishika simu karibu na jiko akirekodi sauti peke yake. Nilikuwa nimesahau kabisa, maana mimi nilitumia muziki. Akaitafuta, akanitumia, akaandika: isikilize peke yako kwanza.

Nikajifungia chumbani. Nikasikia mafuta yanachemka. Nikasikia, kwa mbali, "Shikamoo dada." Kisha mafuta tu. Nikaongeza sauti ya simu. Mafuta tu. Halafu, "Marahaba, mdogo wangu. Ngoja nikigeuze hiki kisiungue. Umeamkaje?" Nikasema alhamdulillah! Lakini haikuishia hapo. Ikafuata sauti kali, ya mtu asiye na adabu hata kidogo: "Shangazi, usiongee bwana, unaniharibia picha!" Na shangazi akajibu, "Mtu kanisalimu, nikae kimya kama ukuta?"

Sauti ile ilikuwa yangu.

Mama zangu, nitawaambia ukweli. Kukata ndiyo kazi ninayoijua. Ningeweza kuikata sauti yangu, ikabaki marahaba safi, na mimi nikabaki mtoto mzuri. Kidole kilikuwa tayari kwenye simu. Kilichonizuia hata leo sikijui vizuri. Labda niliogopa kukata kitu kingine tena.

Nikamwomba yule shoga aje barazani, akaja, akakaa mbali kidogo. Nikaifungulia sauti yote. Ilipokwisha akasema, "Irudie." Nikairudia. "Tena." Kisha akamgeukia shangazi.

"Kumbe huyu mtoto ndiye aliyekuwa anakunyamazisha?"

"Tangu alfajiri!" shangazi akasema. "Mpaka kukohoa alinikataza!"

Wakacheka mpaka shoga yake akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akahamia kwenye kigoda. Mimi sikucheka. Nililia.

Nikaitengeneza upya. Picha ya uso wa shangazi akiitikia ilishapotea, kwa hiyo moshi unaonekana tu, lakini ndani ya moshi ule inasikika marahaba, na kelele zangu zinasikika. Nikairusha tena kwenye lile kundi. Mwalimu naye nilimwonyesha. Akasema imepoteza utulivu, ile ya kwanza ilikuwa bora. Akauliza, huyu anayepiga kelele ni nani? Nikamwambia ni mimi. Labda ana haki yake, kwa upande wa kazi. Bado najiuliza, na nisije nikawadanganya hapa kwamba nimeshapata jibu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwenzangu wa Chalinze kwa kutofuta. Nawashukuru wazee wangu wawili kwa kunisamehe. Funzo ninalo moja tu: unapomtengeneza mtu apendeze kwa watu wa mbali, waulize kwanza wanaopita mlangoni kwake kila siku.

La mwisho, halafu nakaa. Shangazi sasa ana woga. Akisikia tu shikamoo, anaitikia kwanza, kitumbua baadaye, hata kama kiko kwenye mafuta ya moto. Kwa hiyo vitumbua vilivyomo kwenye sinia hapo nyuma vina weusi upande mmoja, msilalamike. Vile vyeusi zaidi mpeni shoga yake. Asubuhi ya leo ndiye aliyepita.