Mzee Hezekia Msengi na Mizinga ya Rungwa

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Unyambwa, na ninyi ndugu mliosafiri kutoka Rungwa, poleni na msiba, mimi ni Benjamin, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee safari ya maisha yake.

Hezekia Zefania Msengi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Sekenke, Iramba, mtoto wa tatu wa Mzee Zefania na Mama Yunisi, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, ambako alisifika zaidi kwa kutengeneza madawati kuliko kwa hesabu, kisha mwaka 1975 akapelekwa Kiomboi kujifunza useremala. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Selina, wakahamia hapa Unyambwa, akafungua karakana, na Mungu akawajalia watoto watatu, Chediel, Elizabeti na Gervas. Kazi yake kubwa ilikuwa makabati ya maharusi, ya mninga mtupu, mazito kiasi kwamba wenye nyumba wakihama waliyaacha.

Mwaka 2006 alikwenda Rungwa kumsalimia shemeji yake, akakuta miyombo mingi imekauka ikiwa imesimama, kwa sababu warina asali waliibandua magome ya kutengenezea mizinga, na mti ukishavuliwa gome lake hauponi. Roho ilimuuma, akarudi nyumbani, akatengeneza mizinga ya mbao, akaipeleka, watu wakamwamini, wakaacha kubandua miti.

Lakini tuseme kweli hata mbele ya jeneza, mizinga ile ilikuwa makabati ya maharusi, mninga mzito, misumari kila upande, vanishi ndani na nje. Nyuki waliikataa, na michache iliyopata nyuki haikufunguka mpaka ivunjwe kwa shoka, msimu ukapotea, watu wakarudi kwenye magome, na ndugu yetu akakosa raha, maana aliona sasa miti ile inakufa kwa sababu yake.

Hakuwalaumu nyuki wala watu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, aliikusanya mizinga yake nyumba kwa nyumba, akabaki Rungwa msimu mzima akiwafuata warina asali porini, na huko ndiko Mama Amne, mjane aliyeachiwa mizinga na mumewe, alikomwambia, "Fundi, kitu chako kizuri, ila mimi nitakipandishaje mtini, na kikiharibika nikufuate mpaka Singida?" Maneno hayo yalimwingia. Mzinga uliofuata aliutengeneza kwa mabanzi mepesi yanayotupwa viwandani, bila rangi, ndani umepakwa nta, mfuniko wake unainuliwa kwa mkono, unaning'inia chini ambapo mama anaufikia, na kila ubao umefungwa kwa skrubu ili ukioza utolewe huo tu. Nyuki waliingia, na watu wakaacha tena kubandua miti. Tangu hapo hakukata ubao karakanani kabla ya kuuliza nani atakibeba kitu hiki, nani atakitengeneza, na kikichakaa kitakwenda wapi, akatuchosha kwa maswali hayo hata kwenye kununua ndoo.

Februari 2024 alianza kusumbuliwa na kifua, akatibiwa hapa mjini, akapata nafuu, akazidiwa tena. Kitandani hakulalamikia maumivu, alilalamikia Rungwa, kwamba sasa haendi, mizinga itaoza, na watu watarudi kubandua miyombo. Tulimwambia asiwaze, hakusikia. Aprili mwaka huu wa 2025 Mama Amne alikuja kumwona, akamweleza kwamba mbao za mizinga mingi zilikwisha kuoza, wamezibadilisha wenyewe, na mingine mipya wameitengeneza wenyewe, akamwomba radhi kwamba hawakumwita. Ndugu yetu alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia, akasema, "Basi hawanihitaji tena," na hatujawahi kumwona na furaha kama ile.

Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025 alfajiri, Selina akiwa amemshika mkono, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake mliochonga jeneza hili jepesi kama alivyoagiza, na watu wa Rungwa.

Kaka, kazi yako imejua kusimama bila wewe, sisi ndio bado hatujajua. Pumzika kwa amani.