Zamu ya Mwaitu Ndunge

Ndugu zangu, jina la Bwana liinuliwe popote mnaposoma haya! Niruhusuni nianze na gharama, maana mimi ni mtu wa soko, na kitu kisichotajwa bei hunipa wasiwasi. Kukua kwa ukumbi wetu wa maigizo hapa Kathonzweni kulitugharimu paa. Kuligharimu shamba la mjane mmoja udongo wake mzuri. Na mimi kulinigharimu nafasi ya kumlipa mjane huyo akiwa bado anavuta pumzi. Nimerudia hesabu hiyo mara mbili. Paa lilirudi. Hayo mengine hayajarudi.

Kabla ya ukumbi nilikuwa dalali wa ndengu. Nilinunua kwa wakulima nikauzia malori pale Makindu, na kwa mdomo wangu ningeweza kukushusha bei mpaka ukaondoka ukiniomba msamaha. Kanisani nilikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, ili baraka ikishatolewa niwe wa kwanza kufika sokoni. Hivyo ndivyo nilivyomjua Mungu, ndugu zangu: kwa haraka, na mkono mmoja ukiwa kwenye simu.

Ndipo Mwalimu Kilonzo, mwenyekiti wa kikundi cha maigizo cha vijana wetu, akaniomba niwe meneja. Akanieleza kwamba ni shirika lisilo la faida. Nikamjibu hilo nalifahamu vizuri, maana ndengu zangu za msimu uliopita zilikuwa shirika la aina hiyo hiyo.

Lakini Bwana alibariki kazi! Mwaka wa kwanza tulicheza chini ya turubai uwanjani mwa kanisa. Mwaka uliofuata shule zikaanza kutuita. Baada ya hapo watu wakawa wengi kuliko turubai, tukaamua kujenga ukumbi wetu wenyewe. Wafadhili walitoa mabati na simiti. Mchanga, mawe na maji vilitolewa na mwethya.

Kwa msomaji asiye Mkamba nieleze kidogo. Mwethya ni watu wanaokusanyika kumfanyia mmoja wao kazi. Leo wako kwako, kesho wako kwa jirani, na wewe uko hapo na jembe lako. Hakuna anayelipwa. Mwenye kazi hulisha watu, na zamu ya mwenzake ikifika anakwenda. Basi. Hiyo ndiyo sheria yote, hata mtoto anaijua.

Kina mama waliotujengea waliongozwa na mjane anayeitwa Ndunge. Sisi tulimwita mwaitu, yaani mama, kama tunavyomwita kila mama wa umri wake. Alibeba mchanga kutoka mtoni huku akiwatania waigizaji wetu: "Nyinyi wa drama, igizeni basi mtu anayebeba jiwe!" Kuta zikasimama. Paa likapanda. Tukawapikia isyo, mahindi na maharagwe ya kwetu, wakala, wakaimba, wakaenda.

Zamu yake ikafika ukame ulipokuwa ukielekea mwisho. Shamba lake liko mteremkoni, na mitaro yake ya kuzuia maji ilikuwa imejaa udongo. Akaja ukumbini kuuliza tutatuma watu wangapi.

Ndugu zangu, wiki hiyo tulikuwa tumealikwa Kitui! Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuwafundisha wakulima kuchimba mitaro. Tulikuwa na majembe ya mbao yaliyopakwa rangi ya fedha, na wimbo mzuri sana wa kuchimba. Basi mimi, mtu wa kupatana bei, nikampatia mwaitu ofa. Nikamwambia kikundi chake chote kitaingia bure ukumbini mwaka mzima.

Alizipokea zile tiketi, akazigeuza upande wa pili kana kwamba anatafuta mpini.

"Hizi zinachimba?" akauliza.

"Mwaitu, zina thamani kuliko siku moja ya jembe."

"Basi mvua ikija nitaionyesha tiketi."

Akacheka. Mimi pia nikacheka. Niliamini nimepata bei nzuri. Tukaenda Kitui tukachimba jukwaani siku tatu, na watu wakapiga makofi mpaka vumbi likapanda.

Mvua ilipokuja haikuuliza tiketi. Ilishuka ule mteremko ikabeba udongo wa juu pamoja na mbegu, ikaviacha barabarani. Nilipita hapo kwa pikipiki. Nilikwepa tope, nikaendelea na safari. Hilo tope lilikuwa shamba la mwaitu.

Na sisi tukazidi kukua! Niliandika ripoti ya mwaka, mchoro wa ukuaji ukapanda kama ngazi. Watazamaji wameongezeka, shule zimeongezeka, mipango ya mbele imejaa: jukwaa la kuhamishika, darasa la vijana, tawi Kibwezi. Wafadhili wakasema watakuja kujionea wenyewe. Wakituridhia, tawi la Kibwezi ni letu.

Siku chache kabla hawajafika, upepo ule unaotangulia mvua ukaliinua paa letu kama mtu anayefunua sufuria kuangalia kilichomo. Mabati yakalala kwenye mashamba ya watu. Nikampa pasta tangazo: Alhamisi kuna mwethya ukumbini, chakula kipo. Tukapika isyo ya watu wengi.

Hakuja mtu. Tulikaa pale, waigizaji na sufuria. Mwalimu Kilonzo alianza kuhesabu sahani zisizotumika, na mwalimu akihesabu sahani jua mambo yameharibika. Hapo ndipo niliposikia sauti moyoni, wazi kuliko tangazo la soko: Hawa uliwalipa kwa tiketi. Nilipiga magoti kwenye simiti waliyoichanganya wao, nikalia mbele ya watoto wa drama. Nilimwambia Mungu sina ofa yoyote. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuomba bila kupunguza bei!

Nilipoinuka, mwaitu Ndunge alikuwa amesimama mlangoni na kamba begani.

"Nimekuja na tiketi yangu," akasema. "Leo ni mchezo gani? Wa nyumba iliyovuliwa kofia?"

Nilimwomba msamaha hapo hapo, mbele ya wote. Akasema maneno yale atayasikia baadaye, kwanza mabati, kwa sababu mvua haina masikio. Akaanza kuokota misumari na kuinyoosha juu ya jiwe. Akamtuma msichana mmoja wa drama kwa wenzake, awaambie Ndunge ameshaanza kazi na yuko peke yake. Kabla jua halijafika utosini kina mama walikuwa wamejaa. Walitusuta vizuri sana siku hiyo, na walitufunika paa. Bwana ni mwema! Aliniokoa kwa mkono wa mtu niliyemlipa tiketi badala ya jembe.

Ningependa kuishia hapo, kama shuhuda nyingi zinavyoishia. Siwezi.

Nilimwahidi mwaitu kwamba wageni wakiondoka tu, sote tungekuwa shambani kwake na majembe ya chuma. Wageni wakaja, wakaridhika, wakataka tukaonane na watu wa Kibwezi wiki hiyo hiyo. Nikampigia simu.

"Mwaitu, wiki moja tu."

"Nendeni," akasema. "Mlima hauhami."

Mlima haukuhama, ni yeye aliyehama. Tulikuwa bado Kibwezi tukipima kiwanja cha tawi, simu ikaja kwamba mwaitu ameugua kifua, na kabla hatujarudi alikuwa amelala katika Bwana. Ndugu zangu, nimeokoka, na sina shaka nimesamehewa. Lakini majembe ya ukumbi wetu yalipoingia mara ya kwanza kwenye shamba la mwaitu Ndunge, yaliingia kuchimba kaburi lake. Vijana walichimba vizuri. Hakuna aliyeimba ule wimbo.

Sasa ni wakati wa ripoti nyingine. Nimeiambia kamati kwamba katika mipango yetu ya mbele, mitaro ya mwaitu itangulie Kibwezi. Mwalimu Kilonzo akavua miwani. "Wafadhili tutawaandikia nini? Tumekua kwa mitaro?" Nikamjibu ndiyo, waandikie hivyo hivyo. Kamati ilinung'unika, kisha ikakubali. Nilidhani kazi imekwisha.

Nikaenda kwa Kalekye, mke wa marehemu mwanawe mwaitu, ambaye ndiye anayelima hapo sasa na watoto wake. Nikamwambia tunakuja kuchimba. Akauliza, "Mtakula nini? Mimi sina chakula cha watu wote hao." Nikasema tutakuja na chakula chetu. Akakunja uso. "Mje mchimbe kwangu na mjilishe kwangu? Majirani waseme nyumba ya Ndunge inalishwa na wadeni wake? Hapana, baba. Kaeni na majembe yenu."

Ana haki. Mwethya bila chakula cha mwenyeji ni sadaka, na yeye hakuomba sadaka. Nikiwaajiri vibarua, nimerudi kule kule kwenye tiketi. Nikingoja avune apate cha kutulisha, atavuna nini kwenye shamba lisilo na mitaro?

Wewe unayesoma na uko mbali na Bwana, mtumaini leo. Hakunipandishia bei, na wewe hatakupandishia. Na kama una neno la kufanya, lifanye kabla hujaahidi wiki moja.

Nanyi kina mama wa mwethya, wazee wa kanisa, yeyote anayejua desturi zetu kuliko dalali wa ndengu, nishaurini. Je, kuna njia ya kumpa mtu chakula ili akulishe wewe, bila kumvunjia heshima? Mawingu yameanza kukaa upande wa Kibwezi, na Kalekye ameshaanza kupanda bila mitaro.