Kumuaga Mtu Aliye Kazini

Mheshimiwa Mukarugwiza, mgeni wetu rasmi uliyetoka ofisi ya Sekta ya Kagarama kuja kutufungulia chumba chetu; Mkurugenzi wetu, Bwana Kenneth Kipchumba; wenye majengo mliotukabidhi lifti zenu; mafundi wenzangu wa kampuni yetu ya Panda Salama; na ninyi majirani zetu, mliozivumilia kelele za karakana yetu kwa ile adabu ya hapa Kigali, yaani bila kusema neno na bila kusahau: mwaramutse, hamjambo. Waliosimama mlangoni waingie, viti vya nyuma bado vipo.

Mimi ni Flaviana, mkuu wa kazi za nje. Nimezaliwa Bukoba, na wanaonifahamu wanajua kwamba kunipa kipaza sauti ni rahisi kuliko kuninyang'anya. Mshereheshaji amenipa ratiba, na ratiba ina mambo mawili. La kwanza, tunafungua chumba hiki cha kuwaongoza mafundi walio mbali. La pili, mimi nitoe maneno ya kumuaga Mzee Johnson Rugamba, fundi wetu mkuu, anayestaafishwa leo. Sasa tazameni meza kuu. Kiti chake kiko wazi. Mnajiuliza mwenye shughuli yuko wapi, na nitawaambia, lakini niruhusuni nianzie nyuma kidogo, kwa sababu jambo hili linanishangaza mpaka leo na peke yangu nimechoka kushangaa.

Sisi ni watu wa lifti. Mji huu unajenga kwenda juu, na kila ghorofa likiongezeka, kuna mtu atakayekwama ndani ya kisanduku cha chuma akibonyeza kengele. Mafundi wote mnaowaona hapa wamefundishwa kazi na Mzee Rugamba. Ni mtu wa makelele, nisiwadanganye. Anajipenda, viatu vyake vinang'aa hata shimoni, na ukikosea anakugombeza kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kifaransa, na ikibaki hasira anakuja kwenye Kiswahili. Halafu goti lake la kulia likaanza kukataa ngazi. Daktari akasema hakuna tena kushuka mashimoni. Je, fundi wa lifti asiyeweza kushuka shimoni ni fundi wa nini? Mkurugenzi alimwita, akamweleza kwa heshima kwamba kampuni haiwezi kumweka. Mzee aliniambia siku ile kwamba akienda kukaa nyumbani atakufa kwa kutazama ukuta, na hakuwa anatania.

Ndipo ilipokuja miwani. Kwa msioijua, ni miwani ya kuvaa kama mingine, ila ina kompyuta ndani yake: kamera ndogo kwenye paji la uso, kioo kidogo pembeni ya jicho, na spika karibu na sikio. Fundi anaivaa akiwa juu ya lifti huko mjini, na Mzee anakaa hapa Kagarama mbele ya skrini akiona kila kinachoonwa na yule fundi. Akichora mshale kwenye skrini yake, mshale unatokea mbele ya jicho la mwenzake: fungua hapa, usiguse pale. Mkurugenzi alikubali tujaribu. Miwani ikifaa, Mzee anabaki. Isipofaa, anakwenda nyumbani.

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Tulidhani shida itakuwa betri, au mtandao, au mafundi kuona aibu kuvaa kitu cha ajabu usoni. Hakuna aliyefikiria shida ya salamu.

Hebu niulize, Mheshimiwa. Fundi wetu, aliyelelewa vizuri na mama yake, yuko kazini, mara anatokea mtu mzima kumsalimia. Atamsalimia huku amemkazia kamera usoni? Haiwezekani. Anaivua miwani, anafuta mkono, anatoa mkono wa kulia, wa kushoto unaushika ule wa kulia kwa heshima, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Na Mzee huku Kagarama anatazama dari. Siku nzima Mzee alikuwa akiona dari, sakafu, na vidole vya watu. Alizijua dari za mji huu kuliko waliozipaka rangi.

Sasa sikilizeni ya Kaliza. Kaliza ni fundi wetu hodari, na Mama Nyiraneza, mwenye jengo la ghorofa kule Nyabugogo, ndiye yule mwenye kitenge cha kijani, anatucheka tayari. Lifti ya Mama Nyiraneza ilikwama na wateja ndani. Kaliza akapanda juu yake, miwani usoni, Mzee akimwongoza polepole namna ya kuilegeza breki kwa mkono. Katikati ya kazi Mama Nyiraneza akafika kuona kunaendaje. Kaliza akashuka kusalimia. Akavua miwani, na kwa kuwa hakuwa na pa kuiweka, akaitia mfuko wa kifuani wa overoli. Wakasalimiana vizuri sana. Kisha akarudi kazini, akaisahau miwani mfukoni, akaendelea kwa akili yake mwenyewe.

Huku kwetu skrini ikawa giza. Mtu yuko juu ya shimo la lifti, ameshika breki, halafu giza. Mzee akaita, "Kaliza! Kaliza!" Kimya. Hakusubiri mtu. Alitoka mlangoni na lile goti lake, akasimamisha pikipiki, akaenda Nyabugogo akijua anakwenda kuokota maiti. Alipofika, waliokwama wameshatoka, na Kaliza ameketi na Mama Nyiraneza wanakunywa soda. Mzee alisimama pale, jasho linamtoka, akasema, "Kaliza, mimi nimekuzika njia nzima." Akakaa chini kwenye ngazi, akalia. Mimi nilifika nyuma yake na nikamwona.

Na Mama Nyiraneza, mama yangu, nikuseme mbele za watu? Alisikia sauti ya mwanaume ikiita kutoka mfukoni mwa yule binti. Kaliza hakuisikia, masikio yake yalikuwa kwa waliokwama wakigonga chuma; mama aliisikia vizuri kabisa. Lakini kwa adabu, hakuuliza. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alitujibu, "Nilijua ni mambo ya nyumba yake, mimi naingilia vipi?" Basi adabu ya huyu na adabu ya yule, kidogo zituulie mzee wa watu.

Bwana Kipchumba alikasirika, na alikuwa na haki. Akasema miwani irudi kabatini na suala la Mzee liishie hapo. Nilimwomba atupe nafasi ya mwisho. Tulikaa, tukabishana. Mmoja akasema tuweke amri: anayevua miwani anakatwa mshahara. Mzee akakataa. Alisema hawezi kuwafundisha watoto wa watu kupita mbele ya mzee bila salamu kwa sababu ya kioo. Kisha akashika kidevu, akauliza kitu ambacho nimekuwa nikikifikiria tangu hapo: "Kwani lazima asalimie yeye? Mimi mikono yangu iko tupu."

Tangu siku hiyo ndivyo ilivyo. Mama mwenye jengo akifika, fundi anaendelea na kazi, na sauti ya Mzee Rugamba inatoka kwenye miwani, kubwa, yenye heshima zote: "Muraho, mama. Amakuru? Watoto hawajambo? Huyu binti ana breki mkononi, usimfikirie vibaya, mimi ndiye mkubwa wake, nakusalimia kwa niaba yake." Na watu wanaitikia. Wanaipungia mkono miwani. Siku hizi Mama Nyiraneza anapiga simu kwamba lifti ina mlio, tunakwenda, hakuna mlio wowote. Anataka kuongea na Mzee.

Niambieni basi, mtu huyu yuko wapi? Mwili wake uko Kagarama, jicho lake liko Gitega ya hapa hapa Kigali, salamu yake iko Nyabugogo. Nani anafanya kazi pale, aliyeshika bisibisi au aliyeshika neno? Siku moja Mzee alishikilia kwamba hitilafu iko kwenye breki. Kaliza akamwambia kwa Kiswahili chake cha kujifunzia, "Muzehe, hapana. Breki iko sawa. Mimi iko hapa, mkono yangu iko juu ya mota, na mota inawaka moto." Mzee akasema, "Wewe uko hapo, mimi siko. Niambie kunanuka nini." Akakubali kwamba alikosea. Wale wawili walikuwa fundi mmoja, na sijui nusu ipi ilikuwa ya nani. Ninauliza tu. Kuuliza si ujinga.

Miwani ikafaa. Ikafaa mno, na hapo ndipo maneno yangu yanapokuwa mazito. Kila anachosema Mzee kinarekodiwa: kila mshale, kila onyo, kila "angalia kidole chako". Sasa imesemwa, na imesemwa kwa nia njema, kwamba maarifa yake yote tunayo kwenye mashine, kwa hiyo mzee wetu apumzike na vijana wafuate rekodi. Ndiyo maana ratiba imeunganisha kufungua chumba na kumuaga mwenye chumba siku moja.

Bwana Kipchumba, wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu. Umenipa kazi nikiwa mgeni katika mji huu na hujawahi kunivunjia heshima. Lakini rekodi tumeijaribu. Nilimwomba Kaliza aifuate kwenye lifti ya hapa karakanani, nami nikakaa kitini kwa Mzee kutazama. Rekodi ilisema vizuri sana. Ilisema fungua, akafungua. Ilisema kaza, akakaza. Kaliza akaiuliza, "Na hii mtetemo, je?" Ikaendelea kusema kaza. Haikumuuliza mkono wake uko wapi. Haikumuuliza kunanuka nini. Mtu alipopita karibu, haikumsalimia. Kaliza alivua miwani akaniambia, "Mama Flaviana, naogopa," na huyu ni binti anayesimama juu ya shimo bila kupepesa jicho.

Wiki hii Mzee aliniuliza swali. Alikuwa anafuta ile skrini kwa leso yake, anavyofanya kila jioni. "Flaviana, mwanangu, miwani hii ilininusuru, au imekuwa ikinichukua kidogo kidogo? Kile kiti ni changu, au nilikuwa nimekishikia?" Niliichukua ile leso, nikamalizia kufuta skrini mimi. Niliona uchungu. Hata sasa ninauona.

Ndugu zangu, nimeambiwa nimuage, na kumuaga mtu ni heshima. Nisingekataa kwa kiburi. Nimeshindwa kwa sababu nyingine. Mlango ulio nyuma yangu, wenye utepe huu mwekundu, si chumba kitupu kinachongoja kufunguliwa. Tulipokuwa tukiwapokea nje, simu ilipigwa kutoka Gitega. Lifti imekwama, ndani yake yumo mama mjamzito na dada yake. Kaliza yuko juu yake sasa hivi ninavyosema nanyi, na Mzee Rugamba, aliyevaa suti yake ya kuagwa, alipita chini ya utepe huo akiinama na goti lake, akaenda kukaa kitini. Ndiyo maana meza kuu ina nafasi. Nimerefusha maneno kwa makusudi, mnisamehe, na aliyedhani ni kawaida yangu hakukosea sana.

Nimeletewa habari sasa hivi. Yule mama ametoka na dada yake, wazima wote wawili, na amekataa kuondoka mpaka aishukuru miwani.

Kwa hiyo, Mkurugenzi wangu, maneno ya kumuaga sinayo. Wewe ndiye mwenye uamuzi, na sitakulazimisha hapa mbele za wageni. Ila ukiingia humo ndani utamkuta, na atakuuliza lile swali aliloniuliza mimi. Mtu aliye kazini hajibiwi na ratiba. Mjibu wewe, kwa mdomo wako, ukimtazama usoni.

Mheshimiwa Mukarugwiza, wageni wetu, mafundi, majirani, mmenipa masikio yenu muda mrefu na sina cha kuwalipa ila shukrani. Mungu awabariki. Mheshimiwa, mkasi huu hapa.

Bwana Kipchumba, tangulia wewe kuingia.