Kuku ya Mama Ramazani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Munanijua, miye ni mama ya kijiji ya Vuhovi. Hata leo kichwa yangu inachanganyikiwa kidogo, lakini nitasema vile ilikuwa.

Baba yangu alikuwa shemasi. Tangu utoto alitufundisha: nyama yenye Muislamu amechinja, mukristo hapana kula. Na miye nikafundisha batoto yangu ivyo ivyo. Donc siku Masika, mutoto yangu ya kwanza, aliolewa na Ramazani, Muislamu, shofere ya kamyo ya mizigo wa kule muji ya Beni, nilimuambia mbele ya batu: usikanyage tena kwangu. Miaka saba, ndugu zangu. Na kila asubuhi nilikuwa naomba Mungu anirudishie Masika. Niliomba nini kweli, na ni miye nilifunga mulango?

Kiisha vita ikafika Vuhovi. Nilikimbia na nguo ya mwili tu, nikafika Beni miguu imevimba. Hata kanisa ilikuwa imejaa bakimbizi. Masika akasikia, akanitafuta, akanipeleka kwake. Mama ya Ramazani akanipatia kitanda yake. Nililia. Ilikuwa machozi ya haya ao ya hasira, sijue.

Siku tatu nilikula fufu, ugali yetu ya muhogo, na sombe, majani yake, nyama nikasukuma pembeni. Mama ya Ramazani aliona. Siku ya ine akaniletea kuku ya muzima na kisu.

"Mama Masika, chinja weye mwenyewe, ukule na roho safi. Sisi tutakula sombe."

Ndugu zangu, nilishika ile kuku. Nikichinja miye, bao habatakula. Akichinja Ramazani, baba yangu atasema nini mule kaburini? Masika alisimama pa mulango ya jikoni, anaangalia chini, sawa ile siku nilimufukuza.

Nikaita Ramazani.

"Shika kisu, mutoto yangu. Tukule wote."

Akasema bismillah yake, akachinja, na miye nikaomba ya kwangu. Masika alilia mpaka sombe ikaungua. Tulikula ku sahani moja.

Mungu ashukuriwe, hata kama sielewe yote. Niliomba Masika arudi kwangu, Mungu akanirudisha miye kwake. Weye mwenye ulifukuza mutoto yako, usingojee vita. Mutumainie Bwana, amuka, uende ugonge mulango, hata kama haujue bado utakula nini kule.